Slivu Kampala au baipasi India? Naomba ushauri kabla sijalipa

MamaZai_Kabalagala
Salaam wapendwa. Nimeamua kufanyiwa operesheni ya kupunguza uzito. Daktari mmoja hapa Kampala ananishauri slivu, wanakata sehemu kubwa ya tumbo na kubakiza kama mrija. Wakala naye ananivuta niende Chennai nikafanyiwe baipasi, ile ya kuunga tumbo na utumbo, na akijumlisha tiketi bei haipishani sana. Wote wawili wanataka nusu ya pesa kabla ya mwisho wa mwezi. Mliopitia, mngechagua ipi?

NesiLira
Dada, hujatuambia kitu. Uzito? Urefu? Umri? Una sukari, presha? Unakoroma hadi pumzi inakatika? Una kiungulia? Bado unataka kuzaa? Bila hayo tutakuwa tunabahatisha na tumbo la mtu.

Kato_Ntinda
Mimi nasema anza na miguu. Niliacha posho (ugali) ya usiku na soda, kila alfajiri natembea Ntinda mpaka Bukoto na kurudi. Kilo 14 zimekwenda. Watu wanakimbilia kisu mapema mno.

NesiLira
Kaka Kato, hongera kwa kweli. Lakini mwenye kilo hamsini za ziada akipungua, mwili unampigania azirudishe: njaa inapanda na mwili unabana matumizi. Slivu inaondoa karibu robo tatu ya tumbo au zaidi, pamoja na ile sehemu inayotoa kwa wingi homoni ya njaa. Sijawahi kumwita mgonjwa wa hivi mvivu, nimewaona wanavyohangaika.

MamaZai_Kabalagala
Nisameheni. Miaka 46, kilo 118, urefu sentimita 162. Sukari tangu 2017, nameza metformini. Watoto wanne, nimefunga uzazi. Kiungulia ninacho, nalala na mito mitatu. Nilidhani ni unene tu, hata daktari sikumwambia.

NesiLira
Hukumwambia! Nyabo, hilo ndilo la kwanza kumwambia.

Kilo 118 ukigawanya kwa 1.62 mara 1.62 unapata kama 45, ndiyo BMI, kipimo cha uzito kwa urefu. Kwa vigezo vya 1991, ili ufanyiwe operesheni ilikuwa 40, au 35 ukiwa na ugonjwa kama sukari. Mwaka 2022 vyama vya madaktari wa fani hii vikashusha hadi 35 hata bila ugonjwa. Kwa hiyo unastahili kwa vyovyote. Shida ni hiyo mito mitatu. Slivu inaacha mrija mwembamba wenye presha ndani, asidi inasukumwa juu, na aliyekuwa na kiungulia anaweza kuzidiwa. Baipasi wanatengeneza kifuko kidogo cha kama mililita 30 na kukiunga na utumbo chini zaidi. Asidi inatulia, na sukari kwa kawaida inashuka vizuri zaidi. Usilipe popote kabla hujapitishiwa kamera kooni, na wakutafutie H. pylori, bakteria wa vidonda vya tumbo, hapo hapo.

HajatiSafina_Bombo
Mimi nilifanyiwa baipasi Nairobi 2021, nikiwa na kilo 131. Sasa nina 84.

Hakuna aliyeniandaa kwa zile wiki mbili za kabla. Unapewa chakula kidogo ili ini lisinyae, maana limelalia tumbo na daktari anahitaji nafasi. Hakuna posho, matoke wala chapati. Mayai ya kuchemsha, mboga, supu, maziwa ya mgando bila sukari. Nilikuwa napika luwombo ya arusi ya mpwa wangu huku mimi nakunywa supu ya mifupa, nikalia jikoni. Lakini zile wiki zilinifundisha kukaa na njaa bila kuiogopa.

Baada ya operesheni maji ni kijiko kwa kijiko, kutwa nzima. Hunywi wakati wa kula, unasubiri nusu saa. Chai yenye sukari siku moja ilinilaza sakafuni, jasho na moyo kwenda mbio. Matoke nilirudia mwezi wa tatu, posho hadi leo inanikwama. Protini ndiyo kazi, angalau gramu 60 kwa siku. Mimi nasaga mukene (dagaa) nachanganya kwenye uji wa mtama. Vitamini, chuma na kalsiamu ni maisha yote, na B12 nadungwa. Mwezi wa nne nywele zilitoka kwa mafungu, baadaye zikarudi.

Baipasi, dada. Na dawa za maumivu kama diklofenaki usiguse tena, zinaleta vidonda pale walipounga.

BintiKoboko
Nitaeleza yangu kwa urefu kwa kuwa kuna mtu anataka kulipa.

Nilifanyiwa slivu India mwaka 2022. Operesheni yenyewe siilaumu. Matundu madogo matano, jioni ile ile wakanisimamisha nitembee ili damu isigande miguuni. Siku ya nane nikapanda ndege. Siku ya kumi na mbili, niko nyumbani, homa ikaja, moyo unakimbia hata nimelala, na bega la kushoto linauma. Bega! Nani angefikiria tumbo? Kliniki moja ikapima malaria, kipimo kikasema hakuna, wakanitundikia dripu ya malaria vile vile. Siku mbili. Wakala niliyemlipa hakupokea tena simu. Dada yangu akatafuta namba ya daktari kwenye karatasi za hospitali, akamtumia ujumbe na picha ya hali yangu. Jibu lilikuwa mstari mmoja: huenda mshono umevuja, apelekwe kwa daktari wa upasuaji sasa hivi.

Tukatoka usiku kwa gari la kukodi. Alfajiri tunavuka daraja la Karuma nilikuwa nahesabu pumzi. Kampala pa kwanza walikataa, wakasema si mgonjwa wao. Pa pili pia. Pa tatu wakanipokea. Walitoa usaha, mirija miwili ubavuni, wiki tano nalishwa kwa mpira wa puani. Mume wangu aliuza ng'ombe, kisha kiwanja.

Leo nina kilo 79 na sukari imeniacha. Namshukuru Mungu na sitamani kurudi nilikokuwa. Lakini MamaZai, waulize wote wawili jambo hili: siku ya kumi na mbili, saa nane usiku, nani atapokea simu?

MamaZai_Kabalagala
Binti, pole sana mwanangu. Nimesoma mara mbili. Yule wakala nimemuuliza sasa hivi, amenijibu "hayo hayatokei".

NesiLira
Hutokea kwa wachache, lakini hutokea. Anayekuambia hayapo, usimpe pesa.

MzeeWaArua
Ukienda India usisahau kadi ya homa ya manjano, chanjo iwe imepita siku kumi kabla hujafika. Na samahani kuuliza, pesa zinatoka wapi?

MamaZai_Kabalagala
NSSF, mzee, ule mfuko wa akiba ya uzeeni. Nimechangia miaka 19.

MzeeWaArua
Ile asilimia 20 ya akiba inayotolewa mapema? Sheria ya 2022 inakuruhusu, miaka 45 na kuchangia miaka 10. Lakini hiyo ni pesa ya uzee, mwanangu. Niliwaona wenzangu waliotoa wakanunua magari.

HajatiSafina_Bombo
Mzee kwa heshima, gari na mwili si kitu kimoja. Uzee gani atauona akikatwa mguu kwa sukari?

Kato_Ntinda
Na zile sindano za semaglutaidi za kila wiki? Binamu yangu anazitumia, amepungua bila kisu.

NesiLira
Zinafanya kazi, ila wengi wakiacha uzito unarudi. Apige hesabu ya bei yake ya kila mwezi kwa miaka mingi.

HajatiSafina_Bombo
Jambo jingine hakuna anayelisema. Jiandae kwa macho ya watu. Nilipopungua kwa kasi majirani wakaanza kunong'ona siliimu, yaani UKIMWI. Sisi tuliokua miaka ya themanini tunajua kukonda kulimaanisha nini. Mama mkwe alileta kuku na kuniombea dua mlangoni. Nikamwonesha makovu ndipo akatulia.

BintiKoboko
Kwangu walisema mume hanilishi. Iliniuma kuliko mirija.

MamaZai_Kabalagala
Mume wangu ameniuliza hilo hilo jana, watu watasema nini. Nimeweka miadi ya kamera Jumanne. Malipo nimeyasimamisha kote kuwili. Wa Kampala nimemweleza kiungulia, akanyamaza kidogo, akasema baipasi pia anafanya. Sijui kwa nini hakuitaja tangu mwanzo.

NesiLira
Muulize amefanya baipasi ngapi. Na metformini usipunguze mwenyewe, baada ya operesheni dozi wataibadilisha wao.

Kato_Ntinda
Hajati, ule mukene wa uji unaukaanga kwanza au unasaga mkavu?

HajatiSafina_Bombo
Naondoa vichwa, naukausha juani, nauchoma kidogo kwenye sufuria bila mafuta. Unataka wa nini wewe, si umeshapungua?

Kato_Ntinda
Wa mama yangu. Ana kilo 126, na goti limekataa kutembea.