Kusafisha .303 na Mauser za jeshi: maji ya moto, dizeli au dawa ya dukani?

Mwana_Isevya: Wakuu habarini. Niko Tabora, nina .303 No. 4, ile bunduki ya jeshi la Waingereza, aliyoacha marehemu mzee, kibali kimeshakuja kwa jina langu kila kitu kiko sawa so msianze na hayo. Jirani yangu ana Mauser 98 iliyochongwa kitako ikawa ya kuwindia, inatumia risasi za saizi ya 8x57. Wote tunapiga risasi za jeshi za zamani, zangu kwenye kitako cha ganda zimeandikwa K43 VII. Ubishi wetu ni usafi baada ya kulenga shabaha, yeye anamimina maji ya moto mtutuni, mi moyo unakataa kabisa kumwagia chuma maji, natumia dizeli au WD-40 (ile dawa ya kopo ya kupulizia vyuma) nikiipata, napitisha kitambaa napaka oili basi. Halafu kuna dawa za dukani za kutoka nje ambazo bei yake tuiache tu. Mnaipa ipi kura? Aliyetumia ndo ajibu, siyo wa kusikia.

Mwadui wa Kutu: Maji ya moto na sirudi nyuma. K43 ni Kynoch ya mwaka 1943 mkuu, fataki za enzi hizo (kile kidude cha kwenye kitako cha ganda kinachowasha baruti) zina klorati ya potasiamu, ikilipuka kinachobaki mtutuni ni kloridi ya potasiamu, yaani chumvi, ndugu kabisa na hii tunayochimba Uvinza. Sasa chukua kijiko cha chumvi tia kwenye glasi ya dizeli, koroga mpaka mkono uchoke uone kama itayeyuka. Unachofanya wewe ni kuifunika chumvi na oili halafu unaifungia kabatini.

Mwana_Isevya: Mbona sijawahi kuona kutu sasa? Mtutu unang'aa ukiuangalia kwenye mwanga.

Mwadui wa Kutu: Kwa sababu unapiga kiangazi. Tabora kuanzia mwezi wa 6 hadi wa 10 hewa ni kavu, chumvi haina unyevu wa kuvuta, imekaa tu inasubiri. Mvua za Novemba zikianza ndo utaiona kazi yake. Sisi huku Kigoma na hili ziwa hatuna hiyo bahati, ukipiga leo jioni ukalala bila kuosha asubuhi chemba, pale risasi inapokaa, imeshakuwa rangi ya chai.

Fundi Kanyenye: Mi naona mnajichosha, oili chafu ya gari inamaliza kila kitu, ile ya gereji, napaka ndani na nje miaka yote.

Dada Kibirizi: Fundi oili chafu paka kwenye nguzo za banda. Ile imebeba masizi ya injini, asidi na vumbi la chuma, na vumbi la chuma ukilisugua ndani ya mtutu unajua mwenyewe. Mafuta ya cherehani yapo kila duka kwa bei ya soda.

Nimefanya kazi ya kulinda wanyamapori na hizo .303 ndo zilikuwa zetu, so ngoja nieleze tulivyokuwa tunafanya. Kwanza toa magazini, fungua angalia chemba kwa macho na kwa kidole. Chomoa bolti, kile chuma cha nyuma kinachofunga chemba. Mdomo wa mtutu uelekee chini kwenye ndoo, faneli yenye mpira mrefu inaingia mpaka ndani ya chemba, hapo ndo unamimina maji yaliyochemka kweli, siyo ya vuguvugu, lita moja inatosha. Lazima yawe yamechemka kwa sababu mtutu ukishika moto unajikausha wenyewe, ukitumia ya baridi ndo unapata hiyo kutu unayoiogopa. Mpira uwe mrefu maji yasiingie kwenye mbao, mbao ikinywa maji inavimba. Halafu vitambaa vikavu mpaka kitoke cheupe, mwisho mafuta kidogo, na kesho yake pitisha kitambaa tena.

Na uso wa bolti usiusahau, fataki inapumulia pale. Hapa Mauser inaishinda .303 wazi wazi, bolti yake unaweka sefti katikati unaifungua kwa mkono mpaka pini inatoka. Ya .303 pini inataka kifaa chake maalum, so kama huna futa kichwa cha bolti kwa kitambaa cha maji ya moto, kausha, weka mafuta.

Kaka_Mkuu_Ipuli: Kuna njia rahisi jamani, sabuni ya kuoshea vioo yenye amonia. Inaua chumvi papo hapo.

Mwadui wa Kutu: Chumvi haiuliwi kaka, inayeyushwa. Kilichofanya kazi kwenye hiyo chupa ni maji yaliyomo, umelipia maji kwa bei ya dukani. Amonia yenyewe inasaidia kutoa shaba iliyoachwa na risasi, ni kazi nyingine kabisa.

Na dawa za kutoka nje ni hivyo hivyo, nyingi zimetengenezwa kutoa shaba na masizi, kwenye chumvi ni sawa na dizeli. Jaribu na maji, kama haichanganyiki ujue haitoi chumvi. Ballistol, mafuta ya bunduki ya kutoka nje, inachanganyika inakuwa kama maziwa, hiyo sawa, ila kuipata huku ni mtihani.

Mzee wa Ujiji: Vijana mnagundua upya ya wazee. Gobore tangu zamani linaoshwa kwa maji ya moto, baruti nyeusi haiondoki kwa mafuta. Na askari wa Mjerumani vita ilipoanza 1914 wengi walikuwa na zile Mauser za 1871 za baruti nyeusi, ukipiga moja moshi unawaonyesha maadui ulipo. Unafikiri walisafishia dizeli?

Mwana_Isevya: Shikamoo mzee, nimenyoosha mikono 😂 Swali la mwisho, bolti ya jirani wa pili ambaye naye ana No. 4 inaingia kwangu vizuri tu, naweza kuazima?

Dada Kibirizi: Hapana. Vichwa vya bolti za No. 4 vina saizi, 0 mpaka 3, kuingia siyo kufaa. Ganda likikosa pa kuegemea linapasuka nyuma, karibu na uso wako. Namba ya kwenye mkono wa bolti ifanane na ya kwenye bunduki.

Msimamizi: Mwana_Isevya picha uliyoweka nimeitoa, namba ya silaha ilikuwa inasomeka.

Kaka_Mkuu_Ipuli: Mdeki wangu, ule ufito wa kusafishia mtutu, umepinda, ile kamba ya Waingereza yenye kizito cha shaba inapatikana wapi?

Mwadui wa Kutu: Tengeneza. Kamba ya nailoni ya wavuvi, mwisho wake fungia risasi ya nyavu, kile kizito cha kuzamishia wavu, iliyo nyembamba kuliko tundu la mtutu, huku mwaloni zimejaa. Dondoshea upande wa chemba, vuta kwa kunyoosha na kamba ipite katikati, ukivuta kwa pembeni inakula mdomo wa mtutu na shabaha ndo basi tena.