Nina shahada ya uhasibu: niongeze shahada nyingine au nijifunze kazi?

Mhitimu wa Kirumba

Ndugu zangu, naomba ushauri kabla sijafanya uamuzi utakaogharimu mali ambayo si yangu. Nilihitimu shahada ya kwanza ya uhasibu miaka miwili iliyopita, na tangu hapo nimetuma maombi ya kazi serikalini na kwenye kampuni binafsi hadi nimeacha kuyahesabu. Katika usaili wa mwisho niliulizwa swali moja tu la maana: "Umewahi kufunga hesabu za mwezi wewe mwenyewe?" Nilijibu kwamba tulifundishwa chuoni. Msaili alitabasamu, akalifunika faili langu.

Kwa sasa namsaidia mjomba katika duka lake la vifaa vya ujenzi hapa Mwanza, ambako kazi yangu ni kuhesabu mifuko ya saruji na kuandika wanaokopa. Mama yuko tayari kuuza kiwanja ili nikasome shahada ya uzamili, kwa imani kwamba elimu zaidi itanifungulia mlango uliokataa kufunguka. Mimi nasita, lakini sina hoja ya kumpa badala ya kiwanja chake. Waliopita njia hii wangefanyaje?

Mhasibu Mstaafu, Dar es Salaam

Mwanangu, kiwanja kisiuzwe.

Jibu la swali la yule msaili liko hapo hapo unapohesabu saruji. Duka la vifaa vya ujenzi ni darasa gumu: mteja analipa nusu taslimu na nusu kwa lipa namba, anachukua mifuko ishirini leo na kuacha kumi stoo, kisha fundi wake anakuja kesho kuchukua misumari na mabati kwa deni linaloandikwa kwenye daftari lenye madoa ya chai. Mwombe mjomba akupe miezi mitatu. Kila jioni linganisha fedha zilizomo kwenye droo, taarifa ya lipa namba na jumla ya mauzo iliyotolewa na mashine ya EFD, ile ya kutolea risiti za kielektroniki. Mwisho wa mwezi chukua taarifa ya benki na uilinganishe na vitabu vyako, usilale mpaka uweze kueleza kila shilingi inayopishana. Utakutana na makato ya miamala ambayo hakuna aliyeyaandika, na malipo ya mzigo yaliyoingizwa mara mbili. Chuoni swali la usuluhishi wa benki hutungwa ili pande mbili zilingane mwishoni. Dukani hakuna aliyekutungia, na zikikataa kulingana ni wewe wa kutafuta sababu.

Tarehe za kodi nazo uzijue kama unavyojua siku za juma. Kodi inayokatwa kwenye mishahara hupelekwa TRA ndani ya siku saba baada ya mwezi kwisha. Ritani ya VAT, yaani taarifa ya kodi ya ongezeko la thamani, kwa mfanyabiashara aliyesajiliwa, huwasilishwa hadi tarehe 20 ya mwezi unaofuata. Michango ya NSSF, mfuko wa hifadhi ya jamii, ambayo jumla yake ni asilimia 20 ya mshahara, ina muda wake pia. Nimeajiri vijana kwa miaka mingi na sikuwahi kukosa mwombaji mwenye GPA nzuri. Niliyemtafuta kwa shida ni yule anayeweza kunieleza, bila kushika karatasi, kwa nini mauzo yaliyo kwenye ritani hayafanani na mauzo yaliyo kwenye vitabu.

Aliyejitolea Sana

Namheshimu mzee wetu, lakini nina angalizo. Nilijitolea katika ofisi moja kwa miezi kumi na minne nikiamini kwamba nakusanya uzoefu, na kazi yangu ilikuwa kutoa nakala, kupeleka barua na kuagiza chai. Niliondoka na barua ya shukrani. Uzoefu si muda uliokaa mahali, kwa hiyo kabla hujaanza andikianeni na mjomba, hata kama ni ukurasa mmoja, ni kazi gani utakabidhiwa, utalipwa nini (walau nauli na chakula), na lini mtakaa kuitazama upya.

Jambo la pili ni gumu zaidi. Je, mjomba atakubali mpwa wake amuulize fedha za droo zimekwenda wapi? Wenye maduka wengi huchota mauzo ya siku kulipia ada, matibabu na michango ya harusi bila kuandika popote, na akiulizwa na kijana wa nyumbani anaweza kuona amekosewa adabu. Ikiwa hakubali kuulizwa, hapo dukani utajifunza kunyamaza tu, wala hutajifunza uhasibu.

Na ukifaulu, usiende kwenye usaili na vitabu vyake. Tengeneza mfano wa mwezi mmoja kwenye Excel wenye tarakimu ulizozibadilisha, uonyeshe namna ulivyofunga hesabu. Siri ya duka ibaki dukani.

Fundi Umeme, Mbagala

Mimi nilitokea upande wa pili: nilikuwa na ujuzi bila cheti. Nilijifunza kufunga umeme kwa kumfuata fundi mmoja nyumba kwa nyumba kwa miaka tisa, nikawa naaminiwa mtaani, lakini kila kazi kubwa ilipotangazwa waliniuliza cheti na leseni ya EWURA, mamlaka inayodhibiti nishati na maji, nami nikarudi nyumbani. Hatimaye nilijiunga na utaratibu wa VETA, mamlaka ya mafunzo ya ufundi stadi, wa kurasimisha ujuzi uliopatikana nje ya mfumo rasmi. Walikuja kunipima nikiwa kazini, wakaona ninachokijua, wakanifundisha nilichopungukiwa, hasa hesabu za mzigo wa umeme na usalama, kisha nikapata cheti. Kumbe kuna vitu nilikuwa navifanya sawasawa kwa miaka yote hiyo bila kujua sababu yake.

Nasema hivi ili usije ukasoma majibu haya ukadhani vyeti ni upuuzi.

Mkaguzi wa Ndani

Kwa kuongezea: shahada ya uzamili na CPA, yaani sifa ya kitaalamu ya uhasibu, ni vitu viwili tofauti, na mama yako huenda anavichanganya. Anayetaka kufanya kazi ya uhasibu au ukaguzi kwa hadhi ya kitaalamu nchini husajiliwa na NBAA, bodi ya taifa ya wahasibu na wakaguzi wa hesabu, na mitihani ya bodi hiyo unaweza kujiandalia jioni huku unafanya kazi. Uzamili utakuwapo hata baada ya miaka mitano. Tahadhari moja: kumtunzia mjomba vitabu ni halali, lakini usikubali kusaini hesabu za wafanyabiashara wenzake kama mkaguzi kabla hujasajiliwa.

Mhitimu wa Kirumba

Nawashukuru nyote. Nilimsomea mama jibu la mzee na la Mkaguzi. Ameniambia kiwanja kisubiri hadi mwaka ujao, akataka kujua ada ya mitihani ya bodi ni kiasi gani, na kesho nitaiulizia.

Mjomba nilimfuata juzi na ukurasa mmoja kama nilivyoshauriwa. Aliusoma kimya, akafuta neno "ukaguzi" na kuandika "kumbukumbu", kisha akasaini. Jana jioni tulilinganisha kwa mara ya kwanza: droo ilipungua shilingi 46,500. Nilipomuuliza alinitazama muda mrefu kidogo, kisha akaanza kutaja: maji ya boza, vocha, na mchango wa msiba wa jirani. Tulipata 41,000. Zile 5,500 zimebaki kwenye mstari wake peke yake, nami sijaujaza.

Leo tunaanza daftari la madeni, ambalo kurasa zake tatu za mwanzo hazina tarehe.