Kibodi inayogoma kompyuta inapoamka: tupeane uzoefu

Mtoa mada

Wadau, naomba tukusanye hapa visa vya kompyuta mpakato ambazo kibodi zake hugoma kwa sababu ya mipangilio ya kubana umeme, maana wapo watu wanaonunua kibodi mpya ilhali ile ya zamani ni nzima kabisa.

Naanza na changu. Kompyuta yangu ya kazini ilikuwa ikiamka vizuri, kioo kinawaka na kishale kinatembea, lakini nenosiri haliandikiki. Nikiizima na kuiwasha, tatizo liko palepale. Nikichagua Restart, linaondoka. Tofauti hiyo ndiyo iliyonionyesha njia. Tangu Windows 8, iliyotoka mwaka 2012, kipengele cha fast startup kikiwa kimewashwa, kuzima si kuzima kikamilifu: mfumo huhifadhi kiini chake pamoja na hali ya draiva (programu ndogo zinazoendesha vifaa kama kibodi) katika faili la hiberfil.sys, kisha huirejesha hali hiyohiyo unapowasha, hivyo draiva iliyokwama jana huweza kurudi ikiwa bado imekwama. Restart haipiti njia hiyo. Niliingia Control Panel, nikafungua Power Options, na katika sehemu inayohusu kazi za kitufe cha kuwashia nikaondoa tiki ya fast startup. Sasa kompyuta inachelewa kidogo kuwaka, lakini kibodi haijagoma tena.

Mhasibu

Shukrani, mtoa mada. Changu kinahusu kibodi ya nje ya USB niliyoichomeka kwa ajili ya vitufe vya namba. Nikitulia kidogo kusoma risiti kisha nikaandika 45,000, kwenye jedwali inatokea 5,000, na kwa kazi yangu hilo si jambo dogo. Nilipona kwa kufungua Device Manager, nikabofya mara mbili kila USB Root Hub (kitovu cha matundu ya USB), na katika kichupo cha Power Management nikaondoa tiki inayoiruhusu kompyuta kukizima kifaa ili kuokoa umeme. Msishangae mkikosa kichupo hicho kwenye kibodi ya ndani, kwa kuwa nyingi hazipiti kwenye USB.

Mtumiaji wa Linux

Kwangu chanzo kilikuwa amri ya powertop --auto-tune, ya programu ya kubana umeme, ambayo huviruhusu vifaa vya USB kulala visipotumika, na muda wa kawaida wa kusubiri ni sekunde 2 tu. Nilihamia TLP, programu nyingine ya kubana umeme, ambayo kwa kawaida huviacha kibodi na kipanya bila kuvilaza.

Fundi

Ndugu zangu, kabla sijagusa skrubu yoyote huingia kwanza kwenye BIOS, yaani mipangilio ya msingi ya kompyuta. Kibodi ikifanya kazi humo, ambako Windows bado haijaanza, basi kwa kiasi kikubwa kosa liko kwenye programu, na maelezo ya wenzangu hapo juu yanatosha. Ikigoma hata humo, huchomoa chaja, hutoa betri kama inatoka, kisha hushikilia kitufe cha kuwashia kwa sekunde 30 hivi, kwa sababu chipu inayosimamia umeme mara nyingi ndiyo hiyohiyo inayosoma vitufe, na ikikwama hukwama na vyote viwili. Ila vitufe vya katikati vikiwa vigumu na sehemu ya kuelekezea kishale imeinuka, hiyo ni betri iliyovimba: acheni kuichaji, na msijaribu kuibonyeza irudi chini.