Tupeane uzoefu: Kunyanyua pikapu kwa kuweka spesa kwenye boljointi za juu, nyumbani

Mleta mada: Habari zenu wadau. Leo nimepita kwa jirani, kaiweka Hilux yake juu ya stendi, anakata flatibaa kwa grainda apate spesa, yaani vipande vya kuongeza unene, za kuweka kati ya kono la juu (mkono wa chuma unaoshika tairi) na boljointi (kiungo kinachozunguka, kinachofunga tairi kwenye kono). Anasema toshenibaa, kile chuma kirefu kinachofanya kazi ya springi mbele, kaikaza hadi basi na gari bado limeinama mbele. Moyo ulinilipuka. Waliofanya au kufanyiwa kazi hii uani kwao, leteni yaliyowakuta.

Mkulima wa Uyole: Mkuu umenikumbusha mbali. Shemeji yangu alimpa kijana wa mtaani kazi hiyohiyo. Spesa alizichonga vizuri, sina la kulaumu. Tatizo bolti. Za awali zikawa fupi, kijana akaenda duka la vifaa vya ujenzi akachukua ndefu, kichwani hazina namba yoyote. Tukapakia viazi kwenda Chunya, mimi, shemeji na dada. Tumeanza mlima tu, usukani ukawa unavuta kulia, halafu ko! ko! ko! Dada akasema tusimame, shemeji akasema ni mawe. Kona iliyofuata tairi la kulia likalala, juu limetoka nje, chini limebaki. Paipu ya breki ikavutwa ikakatika, pedali ikashuka karibu na sakafu, na gari na mzigo wote likaanza kurudi nyuma kuelekea bondeni. Shemeji akavuta hendibreki kwa mikono miwili. Dada aliruka, akashusha gunia la viazi peke yake akalisukumia nyuma ya tairi. Gunia la viazi, ndugu zangu! Mpaka leo sijui nguvu ile aliitoa wapi. Bolti mbili tulizikuta zimekatika kama chaki. Ingekuwa tunashuka, nisingeandika hapa.

Mama Eliya: Dada yako Mungu amlinde. Nimesoma huku natetemeka.

Spana 17: Bolti isiyo na namba ni kifo. Tafuta iliyoandikwa 10.9, ndiyo namba ya ugumu, basi.

Fundi Mstaafu: Pole sana mkulima, ila tusiwatishe watu. Spesa ina kazi yake. Ukikaza toshenibaa peke yake kono linainama mno, boljointi ya juu inafika mwisho wa mzunguko wake, raba inapasuka, grisi inatoka, mchanga unaingia. Spesa inaipunguzia hiyo pembe. Isiwe nene kupita kiasi, bolti ziwe imara, kisha upige alaimenti, matairi yanyooke.

Mzaramo Halisi: Hiyo "kisha" ndiyo inayoua matairi. Watu wanaahirisha mwezi mzima, tairi limeliwa upande mmoja.

Fundi Mstaafu: Kwani nimesema waahirishe? Soma nilichoandika.

Mzaramo Halisi: Nimesoma. Sema "siku hiyohiyo" tukuelewe.

Spana 17: Wakubwa, mtoto wa watu anataka kunyanyua gari, nyie mnagombania neno moja.

Kijana wa Tanga: Nina Toyota Surf 185, mbele ina springi za koili, si toshenibaa. Hii inanihusu?

Fundi Mstaafu: Spesa hizi si zako. Wewe chunga boljointi ya chini. Kwenye gari lako uzito unaivuta itoke kwenye kikombe chake, kwa hiyo ikichoka inachomoka yote na tairi linajikunja. Mwaka 2005 Marekani, Toyota iliyaita yarudi karakana magari zaidi ya laki saba, Tacoma na Tundra yakiwemo, kwa ajili ya boljointi za chini za mbele. Weka jeki chini ya kono la chini, tairi likiwa hewani, ingiza mtaimbo chini ya tairi uinue. Ikicheza, badilisha.

Mzaramo Halisi: Na usikubali atakayekwambia aitoboe afunge nipeli ya kudungia grisi. Unga wa chuma unabaki ndani unaila.

Spana 17: Mimi nimetoboa, nadunga grisi, sijaona shida.

Mzaramo Halisi: Bado.

Mama Eliya: Si mnunue tu gari lililo juu tangu kiwandani?

Kijana wa Tanga: Wiki ijayo nipo Dar. Hizo 10.9 za kuwaletea wenye Hilux huku nazipata wapi?

Fundi Mstaafu: Nenda mtaa wa Gerezani, pale Kariakoo, na bolti ya zamani mkononi, walinganishe nyuzi. Soma namba kichwani mwenyewe kabla hujalipa, na nati nayo iwe ngumu hivyohivyo. Nati laini inavua nyuzi.