Naomba ushauri: doa la ukoma limevimba tena baada ya kupunguza prednisoloni

Habari za jioni ndugu zangu. Nina ami yangu, naishi naye hapa Likoni. Yuko mwezi wa 5 wa dawa za ukoma, zile pakiti za miezi 12. Doa lake la karibu na kiwiko lilikuwa bapa, halina hisia. Mwezi uliopita likaumuka, likawa jekundu, na ukiligusa ni la moto. Kidole chake cha mwisho kimelegea, kikombe cha kahawa sasa anakishika kwa mikono miwili. Naumia nikimwona.

Daktari alitueleza kwamba dawa hazijashindwa. Ni kinga ya mwili imeamka dhidi ya vijidudu, hata vilivyokwisha kufa: seli zinatoa ishara kama TNF na interferoni gama, nazo ndizo zinazowasha uvimbe kwenye ngozi na kwenye neva. Akampa prednisoloni, dawa ya kutuliza uvimbe, miligramu 40, akasisitiza dawa za ukoma zisiachwe. Uvimbe ulishuka. Tuliposhuka hadi 30 kama tulivyoelekezwa, siku ya tano doa likarudi vilevile. Kliniki tunarudi Jumatatu.

Ami ameshakata tamaa, anasema dawa ndizo zinazomchoma, anataka kuziacha zote. Nimemsihi asiache.

Waliopitia haya au wahudumu wa afya: uvimbe ukirudi hivi, kipimo hupandishwa tena au husubiriwa? Na hicho kidole, kuna mazoezi au namna ya kukifunga itakayokisaidia wakati neva bado inauma?