Ushauri: siku mbili baada ya safari ya boti, nimpeleke baba Nkungwe au Gombe?

Binti wa Baharia

Wakubwa shikamooni, wenzangu habari za jioni.

Naomba mwongozo, hasa kwenu mnaolijua Ziwa Tanganyika na milima ya kusini mwa Kigoma. Baba yangu alikuwa baharia wa sitaha kwenye MV Liemba, meli ya abiria ya ziwa hilo, miaka 26, mpaka akastaafu. Kazi yake ilikuwa kamba na mlango wa ubavuni. Lagosa, kijiji cha ufukweni karibu na milima ya Mahale, hakukuwa na gati, meli ilisimama majini na mitumbwi ikaja mbio kugombea nafasi. Yeye ndiye aliyekuwa akiwashika mikono akina mama wanaoshuka na watoto mgongoni, taa moja tu inamulika maji. Wakimaliza, honi inalia, safari inaendelea. Mara nyingi walipita pale usiku. Lakini meli ikichelewa, anasema, kulikuwa kunapambazuka milima ya Mahale imesimama palepale, jua bado liko nyuma yake, na Nkungwe, kilele chake kirefu kuliko vyote, imejichora nyeusi tii. Nimeisikia habari hiyo tangu sijaanza shule. Miaka yote hiyo hajawahi kukanyaga nchi kavu ya pale.

Mwezi wa saba ndugu tunakutana Kigoma. Tumekodi boti ya mbao itutembeze: Alhamisi tunaondoka Kibirizi, tunapita Ujiji, tunalala Ilagala karibu na mdomo wa mto Malagarasi, Ijumaa tunashuka kusini. Hapo ndipo ninapokwama. Tuna Jumamosi na Jumapili, na Jumatatu lazima tuanze kurudi kwa sababu mume wangu Jumatano anatakiwa kazini Tabora.

Tuko watano: baba (miaka 71, goti la kulia linamsumbua kwenye mteremko), mimi, mume wangu, kaka yangu na mwanangu wa miaka 9. Kaka anataka tupande Nkungwe mpaka juu, anasema baba amesubiri vya kutosha. Mume wangu anasema tusishuke kusini kabisa, tuishie Ilagala kisha tugeuze kwenda hifadhi ya sokwe ya Gombe, ni karibu na rahisi. Mimi nataka baba afurahi na arudi mzima. Siku mbili hizo zinatosha kwa lipi?

Mvuvi wa Kibirizi

Dada, kabla ya mlima tuongee ziwa kwanza, maana naona mmepanga siku kama watu wa basi.

Mwezi wa saba ni kusi. Upepo huo unavuma kuanzia mwezi wa tano mpaka wa tisa, na nyie mnaelekea kusini, maana yake unawapiga usoni njia nzima. Kutoka Kigoma mpaka Mahale ni kilomita 120 na ushee. Boti ya mbao yenye injini ya kawaida, ikibeba watu na mizigo, hiyo ni siku nzima hata ziwa likiwa tulivu. Kulala Ilagala mmefanya vizuri, ila Ijumaa msingoje chai. Ondokeni alfajiri maji yakiwa yamelala. Mawimbi yakianza kuvunjika, nahodha akisema tuingie ufukweni tusubiri, msibishane naye. Nimeona watu wanamshinikiza nahodha kwa sababu ya ratiba zao. Ziwa hili lina kina cha mita 1,470, si mahali pa kuharakishana.

Kila mtu avae jaketi okozi, na la mtoto liwe la mtoto. La mtu mzima linamvuka kichwani akianguka majini.

Kijana wa Mwanga

Mimi namuunga mkono shemeji. Gombe iko kilomita 16 tu kaskazini mwa mji. Mnapanda boti Kibirizi, mnashuka Kasekela. Kuna njia ya maporomoko ya Kakombe ambayo mzee ataiweza polepole, na kuna ile ya kupanda mgongoni mwa kilima mpaka mahali Jane Goodall, yule mtafiti wa sokwe, alipokuwa anakaa na darubini yake baada ya kufika 1960. Kutoka pale unaliona ziwa lote na milima ya Kongo ng'ambo. Ni mlima, ni sokwe, na mnarudi Kigoma bila presha. Siku mbili zinatosha na zinabaki.

Binti wa Baharia

Asante kaka. Kwa siku tulizonazo naona una haki kabisa. Tatizo ni kwamba baba Gombe hajawahi kuitaja hata mara moja. Nikimpeleka atashukuru, ndivyo alivyo, na mimi nitajua kwamba nimempeleka pengine.

Mpagazi Mstaafu

Nimebeba mizigo hifadhi ya Mahale misimu kadhaa, kwa hiyo naomba kaka yako asome hapa kwa makini.

Nkungwe ina mita 2,462. Ziwa lenyewe liko mita 773 juu ya bahari. Kwa hiyo mnatoka ufukweni kupanda karibu mita 1,700, na hakuna gari wala barabara ndani ya hifadhi ile, kila kitu ni miguu. Mnaanza kwenye msitu mzito wenye joto na unyevu, mnaingia mianzi, kisha juu ni nyasi na baridi. Kwenda na kurudi watu hulala mlimani, na lazima muwe na askari mwenye silaha. Ukihesabu kufika, kujiandikisha, kupanda, kushuka, Jumamosi na Jumapili zenu zimekwisha nyie mkiwa bado njiani, hata kama wote mngekuwa vijana.

Halafu goti. Kupanda mzee anaweza, atapumzika, atapanda tena. Shida ni kushuka. Njia ina majani makavu juu ya udongo unaoteleza na mizizi chini yake. Unaweka mguu, majani yanakimbia, uzito wote unaangukia goti. Nimewahi kumshusha mtu wa miaka 50 aliyeumia goti huko juu. Tulimshusha siku nzima, hatua kwa hatua, wawili tumemshika makwapa, na yule bwana alikuwa analia. Sitaki hilo limpate baba yako mahali alipopaota maisha yake yote.

Na kuna jambo watu hawaambiwi. Ukiwa chini ya Nkungwe huioni Nkungwe. Msitu unakufunika. Kile alichokiona baba yako kutoka sitahani, anayekiona vizuri ni aliye majini.

Mama Wawili

Dada, angalia pia suala la mtoto. Mahale watoto wa chini ya miaka 12 hawapelekwi kwa sokwe, kwa hiyo mmoja wenu atabaki naye. Na mkiamua kwenda kwa sokwe, mtu mwenye mafua abaki, hata kama ni mzee mwenyewe. Sokwe wanaambukizwa magonjwa yetu kirahisi mno. 2006 ugonjwa wa kifua uliua sokwe kadhaa kule Mahale. Ndiyo maana mnavaa barakoa, mnakaa mbali nao mita 10, na saa moja ikiisha mnaondoka.

Hifadhi hawapokei fedha mkononi. Ombeni namba ya malipo na mlipe mkiwa bado Kigoma mjini kwenye mtandao wa uhakika. Raia tunalipa kwa shilingi na ni nafuu sana kuliko wageni, ila kila mtu abebe kitambulisho. Chakula nunueni mjini chote: unga, mchele, mafuta, mkaa kidogo. Mabanda ya hifadhi yako Kasiha, kusini mwa makao makuu ya Bilenge, na hakuna duka la kukimbilia ukisahau chumvi.

Mjukuu wa Mtongwe

Mwakeye ndugu zangu Waha, nasi Watongwe tupo humu.

Bibi yangu alizaliwa upande ule wa milima kabla hapajawa hifadhi. Hifadhi ilitangazwa 1985, lakini kwetu Nkungwe ilikuwa mlima wa heshima tangu wazee. Si mahali pa kwenda kupigia picha na kurudi ukisema nimemaliza. Kwa hiyo nimefurahi kusikia kuna mtu ameutazama miaka 26 kwa adabu bila kuukanyaga.

Dada, umetueleza anachotaka kaka, anachotaka shemeji, na unachotaka wewe. Mzee mwenyewe amesema nini? Umemuuliza?

Binti wa Baharia

Ndugu Mtongwe, swali lako limenikalisha kimya. Sikuwa nimemuuliza, tulitaka iwe ghafla, afike ndipo ajue.

Nimempigia usiku huu. Nimemwambia yote, boti, siku mbili, mpango wa kaka wa kilele. Alikaa kimya mpaka nikadhani simu imekatika. Kisha akasema, naandika maneno yake kama yalivyo: "Kileleni nikafanye nini, mama? Mimi nilikuwa nawashusha watu gizani, mtumbwi unakwenda, siuoni tena. Nilikuwa najiuliza wale watu wanakwenda wapi. Nipeleke hapo."

Kwa hiyo sasa sijui hata niulize nini. Lagosa kuna pa kulala? Kuna chochote cha kumwonyesha?

Mjukuu wa Mtongwe

Walikuwa wanakuja kwetu, dada.

Mama yangu alishuka kwa mlango huo mara nyingi akitoka Kigoma, na mara moja nilikuwa mgongoni mwake. Anasimulia kwamba jambo gumu si mtumbwi kuyumba, ni ule muda wa kuachia chuma cha meli kabla hujashika mbao ya mtumbwi. Hapo katikati kulikuwa na mkono wa baharia tu. Mtumbwi ukigusa mchanga, watu walikuwa wanangojea na kandili, kila mmoja anaita jina la mtu wake. Mizigo inashushwa, mabati, chumvi, mafuta ya taa, madaftari ya shule. Kisha mnatembea ufukweni na mzigo kichwani mpaka nyumbani, na nyuma yenu meli inaondoka na taa zake.

Pa kulala papo, nyumba za wageni za kawaida kabisa, kitanda na chandarua. Kitongoji hadi kitongoji wapo wazee wa umri wa baba yako waliopanda Liemba ujana wao wote. Muwahi kufika Ijumaa jua lingali juu, mpeleke ufukweni akakae nao. Wakijua alikuwa mtu wa mlangoni, hatalala mapema. Waambieni mwenyekiti wa kijiji mmefika, ndiyo heshima, naye atawakutanisha.

Mpagazi Mstaafu

Basi mpango umejipanga. Ijumaa mlale Lagosa. Jumamosi asubuhi boti iwapeleke Bilenge mkajiandikishe, halafu Kasiha kwenye mabanda. Msimfanyishe kitu siku hiyo. Jumapili asubuhi aingie msituni na mwongozaji nusu siku, njia za chini tu, na mwambieni mwongozaji mapema habari ya goti. Kiangazi sokwe hushuka chini kufuata matunda, kuna siku hata huhitaji kupanda sana kuwakuta, na kuna siku wanapanda juu. Wakiwa juu, mzee asiwafuate. Akae kwenye kijito asikilize, sauti zao zinafika. Fimbo moja, viatu vyenye meno, suruali iingizwe kwenye soksi kwa ajili ya siafu.

Kaka yako naye nimemwelewa. Hasira yake ya kumpandisha baba ni mapenzi. Nkungwe aje siku nyingine na wiki nzima mkononi, nitamwelekeza watu wa kumbebea.

Kijana wa Mwanga

Nami naondoa Gombe yangu mezani. Dada, mtoto akibaki ufukweni Kasiha msimwache aingie majini bila kumuuliza askari wa hifadhi. Maji ni maangavu kama ya kunywa, lakini mamba na viboko wapo.

Binti wa Baharia

Kaka amesoma uzi wote. Amenyamaza, kisha akauliza fimbo nzuri inapatikana wapi. Mume wangu ndiye atakayebaki na mtoto, amejitolea mwenyewe. Namba ya malipo nitaiomba wiki ijayo.

Swali la mwisho kwa Mvuvi wa Kibirizi. Jumatatu tunaporudi, baba anaweza kuuona mlima kama alivyokuwa akiuona?

Mvuvi wa Kibirizi

Anaweza, na kurudi ni raha, kusi linawasukuma mgongoni.

Ondokeni Kasiha bado giza. Kwetu huku jua linachelewa, mwezi wa saba ni saa moja imepita, na pale chini ya milima linachelewa zaidi kwa sababu lazima lipande Mahale kwanza. Mwambie nahodha asifuate ufukwe. Atoke nje kilomita mbili tatu, pale ambapo meli zilikuwa zinapita, halafu azime injini. Asizime mapema, mkiwa karibu na nchi mlima unajificha. Kama upepo umeanza, basi asizime kabisa, apunguze tu mwendo na aelekeze pua kwenye wimbi.

Mizigo iwe katikati ya boti, imefungwa. Mzee msimkalishe mbele, huko ndiko wimbi linakopiga. Akae nyuma ya katikati, upande wa kulia, maana mkielekea kaskazini nchi kavu iko kulia. Mwekeeni blanketi na chai kwenye chupa.