Mrejesho: Wasifu wa baba nimeusoma

Ndugu zangu, niliwaomba ushauri namna ya kumwelezea marehemu baba kwenye maziko bila kuishia kutaja tarehe na vyeo. Mkaniambia niwaulize wajukuu. Asanteni mno. Mdogo kabisa alisema, "Babu alikuwa ananisubiri nifunge kamba za viatu mwenyewe, hata tukichelewa." Nilianza na hilo. Sauti ilinikatika nilipofika kwenye miwani yake, ile iliyofungwa uzi mweusi pembeni. Dada akanishika bega, nikaendelea. Tarehe nilizipitia haraka mwishoni.

Sauti zake za kwenye simu nimezihifadhi sehemu mbili, kama mlivyosisitiza. Jana wajukuu walisikiliza ile anayowaita kwa majina, mmoja mmoja. Wakawa wanaitika.